Katibu Haketi

Nikimkumbuka Katibu, huanza na viatu. Viatu vyeusi vya kamba, kisigino kimelika upande mmoja, vimepakwa rangi mpaka vinang'aa, na vimesimama kwenye kizingiti cha mlango wetu. Haviingii, havitoki. Shosho, nyanya yangu, anamwambia, "Karibu kiti," naye anajibu, "Nimeshakaribia," kisha anabaki palepale, kikombe cha chai mkononi, bega limeegemea fremu ya mlango, kama mtu aliyeacha maziwa jikoni.

Hakuwa na maziwa jikoni. Alikuwa na chumba kimoja, cha mwisho kwenye ploti ya Shosho hapa Dagoretti, karibu na tangi la maji. Siku moja niliingia kumrudishia sufuria nikakuta viti viwili vizuri vya mbao, vya kupakwa vanishi, na juu yake amepanga nguo alizopiga pasi. Hata kwake mwenyewe viti vilikuwa vya nguo.

Sijui alizaliwa mwaka gani na sikuwahi kuuliza. Jina lake ninalijua lakini halikutumiwa na mtu, kwa hivyo nami silitumii. Wapangaji walimwita Katibu, mwenye duka la maziwa alimwita Katibu, hata pasta akisalimia watu baada ya ibada alisema, "Na Katibu je?" Alikuwa katibu wa chama cha wanawake wa kijijini kwao, upande wa ziwa. Tawi la Nairobi la chama hicho lilikuwa yeye peke yake. Zamani alikaa mapokezi katika ofisi ya wahandisi huko Hurlingham, na alipostaafu akaanza kazi ya pili ambayo hakuna mtu aliyemwajiri: kuzunguka maofisini akiomba pesa za nyumba za bei nafuu. Si za hapa. Za kijijini.

Hapo ndipo watu walipomwacha. Hapa mjini kila mtu ana maoni kuhusu nyumba za bei nafuu, yale maghorofa, nani atapata na nani ataangalia tu. Lakini ukisema kijijini wanacheka kidogo. Si kila mtu ana kwao?

"Anako," Katibu angesema. "Nenda uone mvua inavyomtembelea ndani."

Na mwaka huu wote mimi, mwanafunzi wa Fomu Tatu ambaye shida zangu zingefaa kuwa kemia na chunusi, nimeishi nikingoja habari za nyumba moja ambayo sijawahi kuiona kwa macho yangu. Shirika moja lenye ofisi Hurlingham lilimkubalia Katibu nyumba moja ya majaribio kijijini kwao. Sharti lilikuwa rahisi. Ijengwe, mtu ahamie, aishi. Wakiona inakaliwa, watajenga zingine za wajane na wazee wa kijiji kile. Ilijengwa. Mtu hakuhamia. Nitafika huko, lakini bila kumjua Katibu utadhani kosa lake lilikuwa la kijinga, na mimi sitaki udhani hivyo.

Kuhusu viti alikuwa na nadharia kamili. Aliitoa kama mwalimu, akipiga kijiko kwenye kikombe.

"Nyathina," aliniita hivyo, mwanangu, "mimi nimekaa nyuma ya meza ya mapokezi mpaka nikaota nywele nyeupe. Nikuambie siri ya pale. Mgeni akiketi, amekuwa fanicha. Unaweza kumwacha mpaka saa ya kufunga, akikohoa unasikia ni kiti kimelia. Lakini mgeni akisimama mbele yako? Shingo inakuuma! Unainua kichwa, yuko. Unaandika, yuko. Utamtafutia mkubwa hata kama mkubwa yuko chooni, ili tu akuondokee."

"Na wakikuambia keti?"

"Nasema asante, nimekaa tangu asubuhi."

Uongo mtupu, na aliusema kwa heshima nyingi. Alikuwa na mengine ya kufanana na hilo. Usiulize mkubwa yuko, uliza anarudi saa ngapi. Ukiambiwa njoo kesho, uliza kesho asubuhi au kesho mchana, maana kesho bila saa ni matusi. Na siku Shosho alipomwambia apumzike kidogo, alijibu kitu ambacho nilikiandika usiku huo huo ndani ya kitabu cha jiografia: "Nikikaa nitazoea."

Mimi nilizoea kukaa. Ndivyo nilivyo. Darasani mwalimu akiuliza, jibu ninalo, moyo unapiga, mkono unakuwa mzito kama ndoo, na mwingine analisema jibu langu kwa maneno mabaya na kusifiwa. Nikitumwa dukani nangoja mpaka wateja wote waishe. Nafikiri Katibu alinipenda kwa sababu hiyo. Mtu wa maneno anahitaji mtu wa masikio. Tena alikuwa na kazi na mimi.

Likizo moja alikunywa chai yake yote kwa mkupuo mmoja, akamwambia Shosho, "Nikopeshe huyu msichana kesho. Kuna kikao mjini cha kuchukua maoni ya wananchi kuhusu pesa za nyumba."

"Akafanye nini? Huyu hata jina lake anasema kama anaomba msamaha."

"Sitaki aseme. Nataka akae. Mtu asiposhika kiti wanasema ukumbi umejaa, wanakutoa nje."

Shosho alicheka mpaka akashika mbavu. "Haiya! Kazi imepatikana!"

Kwa hivyo nilikaa. Ukumbi ulikuwa mkubwa, katikati ya mji, mapazia mekundu, feni moja inalia. Nilikaa kwenye kiti cha Katibu, safu za mbele, nimekumbatia mkoba wake, na kila aliyetafuta nafasi nilimwambia kwa sauti ya panya, "Iko na mwenyewe." Mwenyewe alikuwa anaonekana wazi, amesimama ukutani karibu na maikrofoni, kikao kizima, akiwapungia watu wapite.

Zamu yake ilipofika walimpa dakika mbili. Hakusalimia kwa kirefu.

"Mimi natoka upande wa ziwa," alisema. "Kwetu mwanamume akifa bila nyumba yake nyumbani, hatumziki hivyo tu. Ni aibu. Watu wanachanga, mafundi wanapatikana, na kabla mwili haujafika kutoka mochari, nyumba ndogo imesimama, ina mlango, ina mabati juu. Ili naye aonekane alikuwa na kwake. Nimeona hiyo kitu tangu nikiwa mtoto. Na nimekuja kuuliza swali moja tu. Hayo mabati hukaa wapi mtu akiwa hai?"

Mzee mmoja nyuma yangu akasema, "Eh! Hapo umegusa," na watu wakaanza kupiga makofi na kucheka pamoja, ile ya kucheka kitu ambacho si cha kucheka.

Mwenyekiti wa kikao alikuwa mpole. "Mama, tunakusikia. Lakini huu mpango umeanzia mijini kwa sababu huko mashambani mna ardhi tayari."

"Ardhi haizuii mvua, mheshimiwa."

"Dakika zako zimeisha, mama."

"Zimeisha, lakini mimi bado nimesimama."

Walimwandika. Sijui waliandika nini. Lakini kijana mmoja alitufuata nje mpaka kwenye ngazi, shati limechomekewa vizuri, akasema yeye ni wa shirika fulani Hurlingham, wana fungu dogo la nyumba za mashambani, na akauliza kama mama anaweza kufika ofisini Jumatatu. Katibu alimuuliza Jumatatu asubuhi au mchana. Ndivyo nyumba ilivyoanza.

Na Shosho hakuwahi kumwacha apumue na hiyo hadithi ya maiti. Shosho ni mtu wa hapa hapa, hana kwao kwingine kwa kwenda Krismasi, na kwake nyumba ni kitu chenye mpangaji ndani.

"Nyinyi watu wa ziwa," angeanza, akikata sukuma wiki, "mnajengea maiti. Sisi tunajengea wapangaji."

"Na nani hukusumbua zaidi, Mama Ploti? Maiti hajawahi kulalamika maji yamepotea."

"Maiti pia hajawahi kulipa."

"Hapo umenishinda."

Walikuwa wakitaniana hivyo mpaka giza, mmoja ameketi, mmoja amesimama, na korongo wale wakubwa wa kichinjioni wametua juu ya mabati yetu wakitembea tap tap kama wakaguzi. Nilipenda saa hizo. Niliogopa pia, sijui kwa nini. Nilikuwa nikimtazama Katibu naona kama kuna kitu anakikimbia, na hakimbii mbali.

Alikuwa na sauti mbili. Hili lilinichukua muda kuligundua. Ya kwanza ni ile ya mlangoni petu, yenye utani na lugha ya kwao ndani yake. Ya pili ilikuwa ya ofisini. Akivuka mlango wa Hurlingham, Kiswahili kilinyooka kama kilichopigwa pasi, mgongo ukanyooka nacho, na kijiji chote kikageuka "jamii lengwa". Mtu huyu huyu aliyegombana na vijana wa ploti wanaoficha kwao ili waonekane wa mjini, yeye mwenyewe alipofika mbele ya meza aliwaacha watu wake nje na kuingia na mahitaji yao tu. Mvua aliieleza. Udongo unaomomonyoka aliueleza. Nguzo hakuieleza.

Sasa nguzo. Kwao, nyumba ya mjane haianzwi na fundi. Inaanzwa na mwanamume wa ukoo wa marehemu, mara nyingi shemeji. Anafika asubuhi, anachimba shimo la kwanza, anasimamisha nguzo ya kwanza, halafu fundi anaweza kuendelea na mambo yake. Bila hivyo mjane hawezi kulala ndani. Si kwamba anakatazwa na mtu. Yeye mwenyewe hawezi, usingizi haumjii.

Mjane aliyechaguliwa alikuwa na shemeji mmoja tu aliye hai, na shemeji huyo ni soja, analinda geti Spring Valley. Aliomba ruhusa akanyimwa. Pesa za shirika zilikuwa na tarehe ya mwisho. Katibu angeweza kwenda Hurlingham aseme, tafadhali sogezeni tarehe, tunangoja mtu wa nguzo. Hakwenda. Aliona aibu. Alimpigia fundi simu akiwa amesimama pale mlangoni petu, nilimsikia kwa masikio yangu: "Anza. Nguzo ni nguzo."

Picha zilikuja nzuri sana. Ukuta wa matofali, mabati ya bluu, baraza mbele yenye nguzo zake za mbao, dirisha la kioo. Mjane alishukuru, akaomba, akalia. Kisha akafunga mlango na kurudi kulala kwenye kibanda chake cha jiko, cha udongo, kilichoinama. Nyumba mpya aliiwekea mahindi.

Watu wa shirika walipokwenda kuitembelea na kamera yao, waliyaona magunia nyuma ya kioo. Katibu aliitwa. Aliporudi alituigizia yote mlangoni, sauti zote mbili.

"Yule kijana ananiuliza, mama, mbona mhusika hakuikubali nyumba? Nikamwambia ameikubali. Akaniambia, mama, imekaliwa na mahindi. Nikasema, ni nguzo. Akasema, nguzo imeoza? Nikasema hapana, haikusimamishwa na mwenyewe. Akaniangalia hivi. Akasema, unataka niandike nguzo? Nikamwambia andika nguzo."

"Akacheka?" Shosho akauliza.

"Afadhali angecheka! Alisema, mama, ungeniambia mapema ningesogeza tarehe. Sisi tulikuwa tunaweza kungoja." Katibu aliangalia viatu vyake. "Nimekaa mapokezi maisha yangu yote nikifikiri najua kile wakubwa hawataki kusikia."

Kila kitu kilisimamishwa. Wasipoona nyumba inakaliwa kabla ya bajeti yao kufungwa, zile pesa zinakwenda kwingine, na wajane wengine wote watabaki na udongo wao. Kwa sababu ya shimo moja la nguzo.

Jumapili iliyofuata hakungoja hata matangazo ya kanisa yaishe. Shosho alinisukuma nyuma yake: "Mfuate. Huyo leo anaweza kutembea mpaka Kisumu."

Spring Valley ni kimya kinachokuonea. Ua mrefu, maua, miti, huoni mtu, mbwa tu anakujibu. Yule soja alikuwa mwanamume wa umri mkubwa, kofia imemkaa vizuri, fimbo chini ya kwapa. Alikuwa na kiti cha plastiki nje ya kibanda chake. Alikipangusa na kumsogezea Katibu. Katibu aliniashiria mimi, nami nikaketi kwenye kiti cha soja huku wote wawili wamesimama, nikitamani ardhi inimeze.

"Omera, lindo linasemaje?" Katibu aliuliza, akimwita ndugu kwa lugha ya kwao.

"Lindo liko, nyaminwa, dada yangu. Mlango unafunguliwa, mlango unafungwa."

"Nimekuja kwa sababu ya nguzo."

"Nguzo gani tena? Si nyumba ilisimama? Nimeona picha kwa simu. Mabati inang'aa mpaka kuku wa jirani hawalali."

"Shemeji yako hajaingia."

"Najua."

"Analala jikoni, na jiko limeinama."

"Najua, nyaminwa! Ni mke wa ndugu yangu." Alishusha sauti kwa sababu ya mbwa. "Uliniruka. Mimi nikiwa hai. Mtu akirukwa akiwa amekufa anaweza kusamehe, hana jinsi."

"Nilikuruka. Ni kweli. Nimekuja kusema hivyo."

Sikuwa nimewahi kumsikia akisema neno fupi namna hiyo. Soja naye hakulitarajia. Aligeuka, akaangalia geti lake.

"Fundi atang'oa nguzo moja ya baraza," Katibu akaendelea taratibu, "uje uisimamishe wewe. Wazee wamekubali. Itahesabika."

"Na nikishaisimamisha, nitalala wapi?"

Katibu alikitazama kile kibanda.

"Simba yangu, nyumba yangu ya ujana, ilianguka nikiwa hapa. Sikuijenga tena. Ada za shule, nini, nini. Nitafika pale kama mwenye ukoo, nisimamishe nyumba ya mtu, halafu jioni nianze kuuliza nani ana kitanda? Hata hiyo nyumba ya kusimamishiwa maiti, mimi ndiye wanayeningoja nayo."

Gari lilipiga honi. Alikimbia, akafungua, akapiga saluti, akafunga. Aliporudi jasho lilikuwa limemtoka.

"Sasa unaona kwa nini nazunguka," Katibu alisema.

"Unawazungukia wajane."

"Nazungukia pa kuanzia, omera. Lazima mlango mmoja ufunguke kwanza."

Soja alisema atafikiria. Tulirudi kwa miguu kipande kirefu, Katibu mbele, mimi nyuma. Jioni hiyo alisimama mlangoni kama kawaida na Shosho, ambaye alikuwa amesikiliza habari yote bila utani hata mmoja, akaweka kisu chini.

"Na wewe, Katibu? Nyumba yako iko wapi?"

"Mimi niko na ploti yako."

"Sicheki. Nyumbani."

Katibu alizungusha chai kwenye kikombe. "Mimi niko na miguu," alisema, akaweka kikombe chini kikiwa bado nusu, akaenda chumbani kwake.

Shosho ndiye aliyenieleza. Katibu aliwahi kuolewa, ndoa ikaisha vibaya, akarudi. Na kwao binti aliyerudi hajengewi ndani ya ua wa baba yake. Anaweza kulala kwa mama yake mama akiwa hai. Mama akiondoka, basi, yeye ni mgeni wa kaka zake. Akifa hatasimamishiwa hata ile nyumba ndogo. "Anazikwa nje ya ua, kama mtu aliyekuwa anapita," Shosho alisema, akarudia kukata sukuma wiki, lakini alikata vibaya, vipande vikubwa vikubwa.

Usiku huo niliandika kurasa nyingi kisha nikazichana. Sikujua niandike nini kuhusu mtu anayeomba kila siku kitu ambacho yeye hawezi kupewa.

Soja alikuja siku yake ya mapumziko, amevaa suti ya kahawia. Shosho alisema karibu kiti, na akaketi! Sote tukaona ajabu.

"Nitaenda," alimwambia Katibu aliyekuwa mlangoni. "Bosi ameniuliza kwa nini nimenyamaza siku hizi. Nikasema mambo ya nyumbani. Akaniuliza, nyumbani kwenu kukoje? Nikaanza kumweleza, nikaona ninaeleza mti wa jirani."

"Ruhusa amekupa?"

"Amenipa. Nitalala kanisani kwenye benchi. Lakini sitaki mtu yeyote anipige picha nikichimba."

Hakuna aliyempiga picha akichimba. Video iliyokuja baadaye ilianza nguzo ikiwa imeshasimama, udongo mbichi chini yake. Mjane anatoa gunia la mahindi kwa mlango wa mbele, halafu lingine, watoto wanakokota, kuku wanafuata punje, wanawake wanapiga vigelegele. Kisha kitanda kinaingia. Katibu aliishika simu mbali kwa sababu ya macho, akacheka mpaka akashika mlango. "Ona mahindi yanahama! Mama Ploti, njoo uone mpangaji anafukuzwa!"

Shosho aliangalia mara mbili. "Huyo mpangaji alikuwa hasumbui," alisema, akafuta macho kwa leso.

Shirika lilifungua tena fungu lake. Nyumba zingine zikaanza, kila moja na mtu wake wa nguzo, na kijana wa Hurlingham sasa ndiye anayeuliza kwanza: mwenyewe wa nguzo amefika? Hata soja alipangiwa ya kwake kwenye awamu ya wazee.

Ungefikiri Katibu angetulia. Alizidi. Chai alikunywa nusu. Alipita mlangoni bila kusimama, akarudi, akauliza kitu alichokwisha kuuliza, akaenda. Kisha akaacha kabisa kuja. Shule ilifunguliwa, nikawa nauona tu mwanga chini ya mlango wake.

Halafu jino. Lilinisumbua wiki nzima mpaka Shosho akanitafutia daktari huko Hurlingham, barabara ya Argwings Kodhek. Likang'olewa. Nilitoka na pamba mdomoni, shavu zima limekufa ganzi, mdomo umening'inia upande kama si wangu. Nilikuwa napita mbele ya ile ofisi ya shirika, yenye ukuta wa kioo, nilipoviona vile viatu. Vilikuwa vimewekwa sambamba, chini ya kiti.

Alikuwa ameketi. Mkoba juu ya magoti, mikono juu ya mkoba. Kwenye kiti cha mwisho, karibu na ua la plastiki. Niliingia kabla sijajua nimeingia.

"Nyathina! Umepigwa na nani?"

Nilionyesha jino. Alisogea ili nikae kando yake, kisha akaanza kueleza bila kuulizwa, kwa sauti ya mlangoni petu, ndani ya ofisi.

"Kijana alinipigia. Akasema, mama, mbona jina lako haliko popote? Nikamwambia mimi ni katibu. Akasema, katibu naye hunyeshewa." Alijaribu kucheka. "Kaka yangu amekubali kunipa kipande. Nje ya ua, njia ya kwenda sokoni. Si ndani, lakini ni kipande. Basi nimekuja. Nikafika hapo kwa meza. Msichana akasema keti, utaitwa. Na nikaketi."

Aliyatazama magoti yake kana kwamba ni ya mtu mwingine.

"Za watu najua kusimama nazo. Yangu, miguu imekataa."

Kwenye meza ya mapokezi msichana mwenye nywele za kusukwa alikuwa anaandika kwenye kompyuta. Watu waliingia, wakaulizwa, wakapitishwa. Hakuna aliyetazama kwenye ua la plastiki. Nilimwangalia Katibu nikaona jinsi alivyokwisha kuwa fanicha.

Nikainuka. Nilitembea mpaka mbele ya meza na nikasimama.

Msichana akainua kichwa. "Ndiyo, siste? Nikusaidie?"

Mdomo wangu ulikuwa pamba na ganzi tupu. Sikuwa na neno hata moja, na kwa mara ya kwanza halikuwa kosa langu. Aliandika kidogo, akainua kichwa. Nipo. Akajibu simu, akaikata. Nipo. Uso ulikuwa unaniwaka, na bado nipo. Niliiona shingo ikianza kumuuma.

Mwishowe akachungulia nyuma yangu, kule kwenye viti, akachukua tena simu. "Kuna mama hapa," alisema. "Yule Katibu. Nafikiri amengoja."

Nyuma yangu nikasikia viatu vikisimama.